Kibali Juu ya Mashine

Mashine ya mchezo wa ninja ilishushwa kwenye treni Mpanda mwezi wa tano mwaka 1995, imeviringishwa magunia na kufungwa kamba za katani kama maiti ya mtu mnene. Mwenyewe, Hilari, alikuwa mstaafu wa reli. Aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, akaiweka kwenye banda lake la video pale Majengo, akaiunganisha na jenereta. Wiki mbili hazikwisha, hakuna aliyekuwa na habari na video tena.

Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kijapani. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma, watu waliwapa wapiganaji majina wanayoyataka. Aliyepigana kwa mnyororo akawa Fundi Baiskeli. Mwanamke wa visu viwili akawa Shangazi. Mzee mmoja wa nguo za kijivu, aliyekuwa akitoweka kwenye moshi na kutokea mgongoni kwa adui, akaitwa Mzee Moshi, na wengi walimkwepa kwa sababu alikuwa mgumu kumwendesha. Mbinu hazikuandikwa popote. Aliyegundua namna ya kumfanya Shangazi arushe visu vyote kwa mpigo aliificha kama mganga anavyoficha mzizi.

Si kila mtu aliipokea kwa furaha. Mchungaji mmoja aliihubiri Jumapili tatu mfululizo. Walimu walikuja na fimbo. Maduhu, mfugaji wa Ilembo aliyewahi kuongoza kundi la ngoma huko kwao Usukuma, alisimama mlangoni mchana kutwa akitazama watu badala ya kioo, halafu akatoa hukumu yake: "Hii ni ngoma ya mashindano. Anayevuta watu ndiye mshindi, na hakuna anayevuta watu namna hii bila dawa." Juma lililofuata alirudi na mafuta ya simba, akazipaka batani zote kabla ya kucheza. Alipigwa ndani ya sekunde ishirini, na Hilari akashinda siku nzima akisugua mashine kwa mafuta ya taa.

Banda lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mshindi habanduki. Aliyeshindwa anampisha mwingine, au ananunua tokeni nyingine ya kutumbukiza kwenye mashine na kusubiri zamu upya. Ya pili, anayetaka zamu anaweka kitu chake juu ya mashine: kofia, kiberiti, ufunguo wa baiskeli. Vitu vilipangwa mstari, na kitu kilimsimamia mwenyewe hata akienda kunywa chai. Hakuna kitu kilichowahi kuibiwa juu ya mashine ile. Mtu alikuwa radhi kuiba kuku wa mchungaji kuliko kugusa kiberiti cha zamu.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyomfunga Jean-Marie.

Vestina, dada yake, aliyajua mambo haya kwa mpangilio kamili, kwa sababu aliyauliza kwa mpangilio. Alikuwa fundi cherehani wa Litapunga, makazi ya wakimbizi nje ya mji, umri miaka ishirini na nne, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja. Wazazi wao walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, yeye akiwa mgongoni. Jean-Marie alizaliwa hapo hapo Litapunga, lakini kwa karatasi alikuwa mkimbizi kama wenzake wote wa makazi, na mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali cha siku, chenye mhuri na sababu ya safari.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka ule ule wa 1995, Jean-Marie alitoka na kibali kilichoandikwa "kununua tairi ya baiskeli". Akanunua tairi, akapita bandani. Kofia hakuwa nayo, kiberiti hakuwa nacho, na tairi haikai juu ya mashine. Akakunja kibali mara nne, akakiweka kwenye mstari. Nyumbani hakuna aliyekitoa kibali mfukoni hata akiwa usingizini. Yeye aliona juu ya mashine ndipo mahali salama kuliko pote Majengo.

Aliyekuwa ameishika mashine siku hiyo ni Nathanael, karani wa kupima tumbaku, kijana wa mjini mwenye viatu vya mpira vyeupe na mdomo usiochoka. Jean-Marie alimpiga mara tatu. Mara ya tatu watu walimbeba mabegani. Nathanael alikuwa amesimama ubavuni mwa mashine, akatoka kimya. Robo saa baadaye wanaume wawili wa uhamiaji wakaingia wakitaka vibali. Jean-Marie aliinua mkono juu ya mashine. Akagusa kofia, akagusa ufunguo, na katikati yake palikuwa patupu.

Alikaa ndani miezi sita. Alipotoka, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeungana vibaya baada ya kuvunjika kwenye kazi ya mawe. Msimu wa tumbaku ulikuwa umempita. Emelyne, mchumba wake, alikuwa ameshaolewa Mishamo. Na bandani kulikuwa na usemi mpya: kila mtu aliposhindwa, watu walipiga kelele, "Onyesha kibali!" wakacheka mpaka machozi. Aliyeuanzisha ni Nathanael.

Immaculata, mke wa Hilari, ndiye aliyemwambia Vestina. Alimwita ashone mapazia ya banda, na siku ya kuyapima akafunga mlango.

"Nilimwona," alisema. "Alikichukua kile kikaratasi, akakitia kwenye soksi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mume wangu alisema tukisema, na sisi tutaulizwa kwa nini tunakusanya wakimbizi. Mashine ifungwe. Mwanangu, niliogopa. Nisikudanganye."

Vestina alimaliza kupima dirisha. "Sitaki hela ya mapazia," alisema. "Nataka nicheze asubuhi, kabla hujafungua."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi alikuwa akiondoka Litapunga alfajiri, zaidi ya saa mbili kwa baiskeli, na kibali cha "kuuza nguo na kununua uzi". Kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi alipigana na mashine peke yake. Siku nyingine alifundishwa nyumbani. Jean-Marie alipigilia vizibo sita vya soda kwenye ubao, akachomeka kijiti upande wa kushoto, na hapo mezani, kwa vidole vyake vibovu, akamwonyesha kila mbinu aliyokuwa akiijua.

"Si hivyo, mushiki wanje," alisema, kwa lugha ya mama yao, kama ndugu wa kiume anavyomwita dada. "Cha tatu na cha tano pamoja. Pamoja kabisa. Wewe unashona."

"Nikishona nakosea?"

"Basi shona kwa haraka."

Lakini jioni moja aliweka ubao chini. "Unataka kumpiga mbele za watu. Mimi nilimpiga mbele za watu. Mara tatu. Nilipata faida gani?"

Vestina alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa na akaona mdogo wake ana haki. Mtu akishindwa mchezo Jumamosi, Jumapili anakula wali wake vizuri. Miezi sita ni kitu, vidole viwili ni kitu, mke ni kitu. Nathanael alikuwa na kitu gani cha kupoteza? Hakuna. Basi asubiri mpaka awe nacho.

Alisubiri mwaka mzima. Mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka 1997, Nathanael akapata barua.

Hakuificha. Aliisoma bandani kwa sauti, mara nyingi kiasi kwamba Immaculata aliweza kuikariri kwa Vestina bila kukosea nukta. Kampuni moja ya tumbaku huko Morogoro ilikuwa imemchagua kwa mafunzo ya upangaji madaraja, na baadaye ajira ya kudumu. Afike na barua hiyo kabla ya saa mbili asubuhi, Jumanne tarehe 18 Machi. Asiyefika, nafasi yake atapewa anayemfuata kwenye orodha.

"Atasafiri lini?" Vestina aliuliza.

"Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Alishauriwa aende na treni ya Alhamisi, amekataa. Anasema Jumamosi ndiyo kuna watu, lazima aage mashine yake."

Vestina alizihesabu njia. Treni iliondoka Mpanda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa saba mchana. Ya Jumamosi ingemfikisha Morogoro Jumatatu. Ya Jumanne ingeondoka wakati nafasi imeshatolewa. Barabara ya Tabora ilikuwa imekatika kwa mvua, na basi halikuonekana wiki ya tatu hiyo. Simu ya posta ilifungwa Jumamosi saa sita. Palibaki swali moja: treni ikichelewa? Watu husema treni huchelewa siku zote, lakini huchelewa kufika. Mpanda ni mwisho wa reli, na pale inaanza safari. Vestina alikuwa na alama za chaki ubavuni mwa cherehani yake, Jumamosi nane alizosikiliza honi akiwa sokoni. Mara saba iliondoka kwa wakati. Mara moja ilichelewa dakika ishirini.

Tarehe kumi na tano alinunua uzi kwanza, ili kibali chake kisiwe na uongo. Kibali chenyewe alikuwa amekifunga kwa pini ndani ya blauzi. Saa tano na dakika tano aliingia bandani, akaweka rili ya uzi mweusi juu ya mashine, nyuma ya kofia ya Maduhu. Mbele ya vitu vyote, penye nafasi ya mshindi, ilikaa bahasha ya Nathanael. Begi lake lilikuwa miguuni.

Watu walicheka walipoona ni mwanamke.

"Mama, cherehani haipo hapa!" mmoja alisema.

"Nyie mwacheni," alisema Nathanael bila kugeuka. "Siku ya kuaga hatumkatalii mtu. Shangazi anataka kucheza na Shangazi."

Maduhu aliondoa kofia yake. "Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "pita mbele. Mimi nimeshapigwa vya kutosha mwaka huu."

Mchezo ulikuwa raundi tatu; anayeshinda mbili amemaliza. Nathanael alikuwa na Fundi Baiskeli wake; Vestina alimchukua Mzee Moshi, na kicheko kikaongezeka. Alishinda mbili kwa moja. Kicheko kilipungua. Nathanael alinunua tokeni akisema alikuwa anamstahi mgeni. Akapigwa tena, mbili kwa moja. Sasa hapakuwa na aliyecheka, na waliokuwa nje walianza kusukumana mlangoni. Wenye vitu kwenye mstari waliviondoa kimoja kimoja bila kuambiwa. Ikabaki rili ya uzi na bahasha.

Hapo Vestina akaanza kazi yenyewe. Kumshinda hakukuwa kugumu. Asubuhi hamsini zilitosha kwa hilo. Kugumu kulikuwa kumshinda kidogo. Mtu akipigwa sana hukata tamaa, huchukua begi lake akaenda. Alimwachia mchezo wa tatu kwa tundu la sindano. Nathanael akaruka, akampiga Hilari begani. Vestina akamchukulia wa nne. Akamwachia wa tano na wa sita. Kila alipomshinda, mstari wa damu ya Mzee Moshi pale kwenye kioo ulibaki kidogo mno, kama mafuta chini ya kibatari, na kila mara Nathanael aliona kwa macho yake kwamba amekosa kwa pigo moja tu.

"Moja ya mwisho," alisema. Alilisema mara tano.

Saa sita na nusu honi ya kwanza ikalia kutoka stesheni. Ilikuwa nne kwa nne.

"Nathanael," alisema Hilari. "Treni hiyo, baba."

"Nimesikia. Bado nusu saa. Kwenda stesheni ni dakika kumi."

Vestina aliondoa mikono kwenye batani. Alisema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Nenda, kaka yangu. Usichelewe kwa ajili ya mchezo. Tumetoka sare, na mimi nitasema hivyo kwa kila atakayeniuliza."

Alikuwa amelipanga neno hilo kwa wiki mbili. Lilikuwa la kweli, na angeondoka asingemzuia. Kisha sauti ikatoka nyuma:

"Sare na mwanamke wa makazi! Morogoro watasikia!"

"Mpeni na kanga avae njiani!"

Banda zima likapasuka. Nathanael alikuwa mwekundu wa macho. "Wa makazi?" alimuuliza Vestina, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Makazi yapi?"

"Litapunga."

Kitu kilipita usoni mwake, lakini mkono ulikuwa umeshatumbukiza tokeni.

Kuna jambo moja ambalo Vestina aliligundua miezi mingi nyuma, peke yake, na hakumwambia mtu ila Jean-Marie. Muda wa raundi ukiisha wapiganaji wote wawili wana damu sawa, mashine haimpi yeyote. Inaifuta raundi na kuianza upya, bila kudai tokeni nyingine. Inaweza kufanya hivyo mara nyingi kadiri watu watakavyoiruhusu.

Raundi ya kwanza aliipoteza. Ya pili akaichukua. Ya tatu, ya kuamua, akamtowesha Mzee Moshi. Alitokea kushoto, akagusa, akatoweka. Alipopigwa alirudisha pigo moja la uzito ule ule, basi. Muda ukaisha sawa. Mashine ikafuta. Ikaanza. Muda ukaisha sawa tena.

"Pigana!" Nathanael alifoka. "Pigana, unakimbia nini?"

"Huyu mzee ndivyo alivyo," alisema Vestina.

Katika raundi ya nne ya namna hiyo, jenereta ikakohoa. Kioo kikafifia. Watu wakaguna, na Vestina akahisi jasho la kwanza la siku hiyo likimshuka mgongoni: umeme ukikatika, mchezo umekwisha bila aliyeshindwa, na mtu yule anaokota begi lake akiwa na dakika kumi na tatu mkononi. Ndipo akamwona Immaculata akipita dirishani, amebeba dumu la dizeli kwa mikono miwili, anakimbia kama msichana. Jenereta ikakohoa mara mbili zaidi, ikanguruma.

"Asante mama!" Nathanael alipiga kelele bila kutoa macho kwenye kioo.

Mara nne zaidi muda ukaisha sawa. Nathanael hakuwa tena na saa, hakuwa na stesheni; alikuwa na mzee mmoja wa kijivu ambaye hakamatiki. Hilari alimgusa bega, akautupa mkono wake. Kisha honi ya pili ikalia, ndefu, na chini yake ule mtikisiko ambao kila mtu wa Majengo aliujua, wa mabehewa yakivutana.

Vestina alibonyeza cha tatu na cha tano pamoja, pamoja kabisa. Mzee Moshi akatokea mgongoni. Mapigo matano, hakuna lililorudishwa. Fundi Baiskeli akaanguka kifudifudi na mnyororo wake.

Nathanael alitazama kioo kwa muda wa pumzi moja. Halafu akanyakua begi akatoka mbio, akikanyaga watu, na wale wale waliomshangilia mwaka mzima wakamsindikiza kwa wimbo aliowafundisha mwenyewe:

"Onyesha kibali! Onyesha kibali!"

Juu ya mashine, bahasha ilibaki pale pale.

Vestina hakuigusa. Aliketi kwenye benchi mbele yake, akasubiri. Yeyote aliyetaka kucheza aliambiwa, "Subiri, hapa kuna kitu cha mtu." Hakuna aliyebisha.

Saa saba na nusu Nathanael alirudi. Viatu vyeupe vilikuwa vimejaa tope, na miguu mpaka magotini. Alikuwa ameifukuza treni kwenye njia ya reli mpaka pumzi ikamwisha. Watu wengi walikuwa wametawanyika. Vestina alisimama, akaichukua bahasha sasa, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Barua yako. Hesabu kurasa. Haijaguswa na mtu."

Hakuipokea. "Wewe ni nani yake?"

"Dada yake. Tumbo moja."

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo."

"Ile..." Alitazama huku na huku, Immaculata alikuwa mlangoni, na safari hii hakuinamisha macho. "Ile ilikuwa utani, dada. Nilidhani watamtoza faini, wamrudishe kwao. Sikujua watamfunga. Haki ya Mungu."

"Kibali ulikitupa wapi?"

Alitazama tope la viatu vyake. "Chooni," alisema.

Vestina aliiweka bahasha kwenye begi la Nathanael, pale palipokuwa wazi, akavuta zipu mpaka mwisho. Kisha alichukua rili yake ya uzi. "Treni nyingine ni Jumanne," alisema, na akaenda kwenye baiskeli yake.

Kwenye kizuizi cha makazi alifika saa kumi na moja, saa moja kabla ya kibali kuisha. Mlinzi alisoma sababu ya safari, akataka kuona uzi, akauona.

Jean-Marie alikuwa mezani. Hakuinuka. Aliuliza kama alivyokuwa akiulizwa yeye na dada yake, jambo moja moja.

"Imemwacha?"

"Imemwacha."

"Alisema alikitupa wapi?"

"Chooni."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa kipimo na kukuta ndicho alichokidhani. "Aliomba radhi?"

"Alisema ulikuwa utani."

Nje mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, juu ya shamba lake la tumbaku la msimu huu, ambalo hakuwa na vidole vya kutosha kulihudumia. Hakuna kilichorudi, Vestina aliliona hilo waziwazi, na bado hakujuta hata kwa sekunde moja. Jean-Marie aliinama, akaokota ubao wa vizibo chini ya meza, akaufuta vumbi kwa kiganja, akausukuma upande wa dada yake.

"Ile ya mwisho," alisema. "Nionyeshe. Usiruke chochote."